Dakika 20 Tulizozima Pampu

Tuliizima pampu kwa dakika 20 tu. Tangu asubuhi mchanganyiko ulikuwa unazunguka vizuri ndani ya bomba la majaribio: mafuta mepesi, maji karibu robo ya ujazo, gesi ya metheni kwa presha ya bar 60, na ubaridi wa nyuzi 4. Kwenye kioo cha kuchungulia maji hayakuonekana tena kama maji. Kilichokuwa kinapita pale ni rojo jeupe la haidreti, laini, linateleza kama mtindi uliopigwa. Tofauti ya presha kati ya mwanzo na mwisho wa bomba ilikuwa imepanda kidogo, siyo ya kumtisha mtu. Nilikuwa na miezi mitano Norway, nasoma uzamili, na jioni ile nilikuwa nimeanza kuandika kwenye daftari kwamba jaribio limefaulu.

Fundi mkuu wa maabara akaona kiungo kimoja kinatokwa jasho la mafuta. Akauliza kama tunaweza kusubiri mpaka mwisho wa jaribio. Nikasema hapana, tusimamishe kidogo, akaze, tutawasha tena. Ndiyo, mimi ndiye niliyesema. Akakaza. Nikanywa chai. Niliporudi nikabonyeza kitufe, pampu ikanguruma, sindano ya geji ikapanda hadi vali ya usalama ikafunguka, na kwenye kioo hakikutikisika kitu. Rojo lililokuwa linateleza lilikuwa limeshikana likawa kitu kimoja, jeupe, limetulia kama chokaa ukutani.

Ilituchukua siku tatu kulitoa. Tangu hapo nimefanya kazi ya mabomba ya gesi miaka mingi, na nikikaa na vijana wanaoanza, huwa naanza na dakika zile 20 kabla ya fomula yoyote.

Kwa asiyezijua, haidreti ni maji na gesi vilivyokubaliana kukaa pamoja. Maji yakipoa huku yamebanwa na gesi yenye presha, molekuli zake hujipanga kuwa vizimba, na ndani ya kizimba hukaa molekuli ya gesi kama njiwa ndani ya tundu. Hakuna kinachofungwa kwa muungano wa kikemia. Mgeni akitoka, kizimba kinabomoka, yanabaki maji. Kwa macho ni kama barafu, na watu wengi kazini huita barafu, lakini jina hilo linadanganya, kwa sababu barafu inahitaji nyuzi 0 na haidreti haihitaji. Metheni tupu ikiwa na maji kwenye nyuzi 4 inatosha bar 39 hivi. Kwenye nyuzi 10 inataka bar 70 na kidogo. Ongeza presha hadi bar 200 na zaidi kidogo na utaipata kwenye nyuzi 20, joto la asubuhi ya Iringa ambalo mtu anatembea bila sweta.

Mkemia Mwingereza Humphry Davy aliiona kwa klorini mwaka 1810, na kwa zaidi ya karne ilibaki mchezo wa wanakemia. Mabomba yaliyokuwa yakiziba Marekani wakati wa baridi yalidhaniwa yameziba kwa barafu, mpaka mwaka 1934 mtaalamu aitwaye Hammerschmidt alipoonyesha kwamba vile vizibo ni haidreti na vinajitengeneza hata bomba likiwa juu ya nyuzi 0. Mimi hupenda kuwakumbusha vijana mwaka huo. Kabla ya hapo, mtu mwenye kipimajoto kinachosoma nyuzi 6 angekuapia kwamba bomba lake haliwezi kuganda, na angekuwa mkweli kabisa, na bomba lingeziba.

Kipande cha haidreti nilikishika mkononi mara ya kwanza siku ya tatu ya ule mkasa, tulipofungua flenji, kile kiungo cha bomba kinachofungwa kwa bolti. Kilikuwa na ukubwa wa ndimu. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia, na kilikuwa kinalia. Chii, chii, chii, kama soda iliyomwagiwa barafu, kwa sababu kila kizimba kilichobomoka kilikuwa kinaachia gesi yake. Mita moja ya ujazo ya kitu kile ikiyeyuka hutoa zaidi ya mita 160 za ujazo za gesi kwa presha ya kawaida. Nilikiweka kwenye sahani, fundi akakisogezea kiberiti, kikawaka moto wa njano uliotulia huku maji yakichuruzika chini yake. Niliangalia mpaka kikaisha. Hakikubaki kitu zaidi ya maji kidogo sahanini.

Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: kwa nini lilikuwa linapita asubuhi, na kwa nini lilikataa kupita jioni, wakati presha ni ileile, baridi ni ileile na maji ni yaleyale?

Sikuwa na jibu, ila nilikuwa na kumbukumbu. Nimekulia Lindi. Mama yangu mdogo alikuwa mchuuzi wa samaki, na likizo nilimsaidia kupanga samaki kwenye sanduku la barafu. Barafu ile ilikuja imesagwa, chenga chenga, unaichota kwa sahani na kuimwagia samaki kama unavyomwaga mchele. Ukiigusa mara kwa mara inabaki chenga. Ukiiacha usiku mzima bila kuigusa, asubuhi unakuta bonge moja na samaki wamefungiwa ndani yake, na ukijaribu kumchomoa changu unamng'oa mkia. Mama mdogo alikuwa akiniambia kila jioni: "Itikise, mwanangu, usiiache ilale." Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Tena alikuwa akimwaga maji yaliyoyeyuka chini ya sanduku kabla ya kulala, kwa sababu, alisema, barafu yenye maji ndiyo inayoshikana.

Yote mawili aliyokuwa anayasema ni fizikia ya rojo la haidreti.

Punje ya haidreti inayozaliwa ndani ya mafuta huanza kama tone la maji. Haidreti huota juu ya uso wa tone, ikawa ganda, na ndani ya ganda maji yanaweza kubaki kwa muda mrefu. Punje mbili kama hizo zikigusana zikiwa zimelowa nje, maji hujenga daraja dogo kati yao na kuzivuta pamoja, kama vile vidole viwili vilivyolowa vinavyong'ang'aniana kidogo ukivitenganisha. Mtiririko ukiwa na nguvu unalikata daraja hilo kabla halijakomaa. Mtiririko ukisimama, daraja linapata muda. Maji ya daraja yanakutana na gesi iliyoyeyuka kwenye mafuta, yanageuka haidreti yenyewe, na sasa hakuna tena daraja la maji; kuna saruji. Punje zilizokuwa majirani zimekuwa jiwe.

Ili nilione hilo kwa macho, nilihamishiwa kwenye chumba kidogo chenye kipimo cha mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka. Metheni inataka presha kubwa, vyuma vizito na tahadhari nyingi, kwa hiyo wanafunzi hutumia saiklopenteni, kimiminika kinachotengeneza haidreti kwa presha ya kawaida kabisa, chini ya nyuzi 7 au 8. Kifaa chenyewe ni kikombe cha chuma na mche unaozunguka ndani yake. Unamimina emulsheni, yaani matone ya maji yaliyotawanyika ndani ya mafuta, unapoza, unazungusha mche, na kompyuta inasoma ni nguvu kiasi gani inahitajika kuuzungusha.

Jambo la kwanza nililojifunza pale ni subira. Unaweza kufika nyuzi 1 na hakuna kinachotokea, saa nzima, saa mbili. Maji yanajua kuchelewa. Ndipo unadondosha chembe ya haidreti uliyoiandaa kwenye kichupa kingine, kama mtu anavyotia kijiko cha mtindi wa jana kwenye maziwa ya leo, na baada ya dakika chache mstari kwenye kompyuta unaruka. Na kabla haujaruka, kipimajoto kinapanda kidogo huku mashine ya ubaridi ikiendelea kupoza, kwa sababu haidreti ikizaliwa inatoa joto. Kwenye bomba kubwa pia ishara hiyo ipo. Joto linalopanda lenyewe kwenye bomba linalopozwa si habari njema.

Jambo la pili lilinikaa zaidi. Mnato wa rojo hauna namba moja. Ukizungusha haraka unasoma namba ndogo. Ukipunguza mwendo namba inapanda, na inapanda sana. Mwanzo nilidhani kifaa ni kibovu. Kumbe kinachobadilika ni ukubwa wa mafungu ya punje. Watafiti Camargo na Palermo waliliweka hili kwenye hesabu mwaka 2002: kila fungu linakua mpaka pale nguvu ya mtiririko inayolivunja inapolingana na nguvu ya punje kushikana. Mwendo mkubwa, mafungu madogo. Mwendo mdogo, mafungu makubwa. Na fungu kubwa linafunga mafuta katikati yake, kwa hiyo linachukua nafasi kubwa kuliko haidreti iliyomo. Fikiria mzigo wa kuni. Magogo manyoofu yaliyopangwa yanakaa sehemu ndogo ya mkokoteni. Uzito uleule wa matawi yenye miba unaujaza mpaka juu. Ndivyo rojo lenye haidreti sehemu moja ya tano tu linavyoweza kujibeba kama lenye nusu, na huo ndio ujazo ambao pampu inauona.

Jambo la tatu ndilo lililojibu swali la msimamizi wangu. Nilikuwa nazima mche, naacha rojo litulie, kisha nawasha kwa nguvu ndogo na kuiongeza polepole mpaka mche ukubali kuzunguka. Baada ya dakika moja ya kutulia ulikubali karibu mara moja. Baada ya dakika 10 uligoma kidogo. Baada ya saa uligoma sana, kisha ukaachia ghafla kwa mtikisiko. Nilipouacha usiku mzima, asubuhi kifaa kilifika mwisho wa nguvu zake na mche haukusogea. Nilikaa nauangalia ule mstari ulionyooka kwenye kompyuta nikasikia sauti ya mama mdogo kabisa, kama yuko mlangoni.

Kwa hiyo rojo la haidreti lina kitu ambacho maji na mafuta havina: lina kizingiti. Chini ya nguvu fulani halitiririki hata kidogo, linakaa kama kitu kigumu, na kizingiti hicho hupanda kadiri linavyolala. Asubuhi tulikuwa juu ya kizingiti kwa sababu hatukuwahi kulipa nafasi ya kulala. Mhandisi anayepanga bomba la chini ya bahari akihesabu presha ya kusukuma rojo linalotembea tu, amehesabu nusu ya kazi. Nusu nyingine, na kwangu ndiyo iliyo ngumu zaidi, ni presha ya kuliamsha baada ya pampu kuzimika, na pampu siku moja itazimika. Umeme utakatika. Kimbunga kitakuja, watu wataondolewa kwenye jukwaa la visima baharini, visima vitafungwa.

Kuna kitu kingine nilichokosea siku ile, na hiki kiliniuma kuliko kuzima pampu. Nilikuwa nimeiwekea kompyuta irekodi wastani wa presha kwa kila dakika. Wastani ulionyesha mstari uliolala, nikauamini. Lakini pale maabara kulikuwa na mashine ya zamani ya kuchora kwa kalamu kwenye karatasi, ambayo fundi mkuu alikataa kuitupa miaka yote. Siku ya pili ya mkasa aliing'oa karatasi ya jana akanitandikia mezani bila kusema neno. Saa mbili kabla hatujazima, mstari wa kalamu ulianza kunenepa. Haukupanda wala kushuka, ulinenepa tu, kwa sababu kalamu ilikuwa inatetemeka juu na chini haraka haraka, kama mwandiko wa mtu mwenye homa. Kufikia saa ya chai unene wake ulikuwa wa kidole.

Nilielewa baadaye kile kalamu ilikuwa inasema. Haidreti ni nyepesi kuliko maji lakini ni nzito kuliko yale mafuta mepesi. Mtiririko ukiwa na kasi ya kutosha na mvurugo mwingi, punje zinabebwa zote juu kwa juu, na presha inayotumika haipishani sana na ile ya mafuta yakiwa peke yake. Ndiyo maana asubuhi geji ilinituliza. Mafungu yakikua, mengine yanaanza kuzama na kutandaza kitanda chini ya bomba. Kitanda kinapunguza njia, mafuta yanapita juu yake kwa kasi zaidi, yanakimega, kipande kinasafiri, kinanasa mbele, kinaachia. Kila kunasa na kuachia ni mtetemo mmoja wa kalamu. Wastani wa dakika nzima unazikusanya zote na kuzifuta. Kitanda kilikuwepo chini ya bomba letu saa mbili nzima, na mimi nilikuwa nakipita nikielekea birika la chai.

Tangu siku hiyo sikubali kuonyeshwa wastani peke yake. Nikifika kwenye chumba cha udhibiti chochote naomba takwimu ghafi, za kila sekunde au chini ya hapo, hata kama mtu atanuna kwamba zinajaza diski. Presha inayopanda taratibu inaweza kuwa mambo mengi: nta, mchanga, pampu iliyochoka. Presha inayotetemeka na mtetemo unaokua, kwenye bomba lenye maji, gesi na baridi, mimi naichukulia kuwa haidreti mpaka nionyeshwe vingine.

Sasa zile siku tatu. Wazo langu la kwanza lilikuwa maji ya moto. Mpira ulikuwepo, bomba la maji ya moto lilikuwepo, na kizibo tulikijua kilipo. Nilishika mpira nikaenda kuuelekeza katikati ya kizibo, na fundi mkuu akanishika mkono. Alikuwa mtu mpole, kabla ya hapo hajawahi hata kunipandishia sauti, na alinishika kwa nguvu hadi nikaogopa. Ukipasha kizibo katikati, alisema, gesi inatoka katikati, na pande zote mbili pamefungwa. Mita 160 kwa moja. Itaenda wapi? Itapasua bomba. Nikasema basi tufungue upande mmoja gesi itoke. Akatikisa kichwa: ukishusha presha upande mmoja tu, siku kizibo kitakapoachia ukuta, presha ya upande wa pili itakirusha kama risasi ya mzinga. Kwenye mabomba makubwa vizibo vya namna hiyo vimeng'oa kona za bomba na kuua watu.

Tulifanya kwa njia yake. Vali za pande zote mbili, kidogo kidogo, geji mbili zikishuka pamoja kama watu wawili wanaobeba jeneza. Tena hatukushuka haraka, kwa sababu haidreti inapoyeyuka inanyonya joto, na ukiishusha presha mno inapoa chini ya nyuzi 0, maji yanageuka barafu ya kweli, na sasa una vizibo viwili mahali pa kimoja. Joto la kuyeyusha liliingia taratibu kutoka kwenye chumba kupitia ukuta wa bomba, kwa hiyo kizibo kilianza kuachia pembeni, kikabaki kama mshumaa katikati. Siku ya kwanza hatukuona chochote. Siku ya pili kioo kikaonyesha mstari mwembamba wa maji ukutani. Siku ya tatu tukafungua flenji.

Watu wa kazi hii wana njia mbili kuu za kukabiliana na haya, na zinatofautiana kwa falsafa. Ya zamani ni kuizuia haidreti isizaliwe: unasukuma kemikali kama methanoli au glikoli ndani ya maji kwa wingi, vinaharibu mpango wa vizimba, na maji yanabaki maji. Ya pili ni kuiacha izaliwe lakini isishikane. Unatia dawa kidogo, labda asilimia 1 au 2 ya maji yaliyomo, ambayo inazivalisha punje na kuzifanya ziteleze ndani ya mafuta, na rojo linasafiri hadi pwani. Nilipoisikia njia ya pili niliipenda sana, na bado naipenda. Inakubali kwamba haidreti haiwi adui kwa kuwepo tu. Inakuwa adui inaposhikana. Lakini inahitaji mafuta ya kubebea. Maji yakizidi mafuta, punje hazina cha kuelea ndani yake, na dawa inashindwa.

Hili linanileta nyumbani. Kwenye bahari yetu ya kusini, kuanzia mwaka 2010, gesi nyingi imegunduliwa kwenye kina kirefu, na visima vikapewa majina yanayonukia jikoni na ufukweni: Zafarani, Tangawizi, Mdalasini, Pweza, Chewa. Zafarani, iliyogunduliwa mwaka 2012, iko chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,500, takriban kilomita 100 kutoka pwani. Juu ya bahari hiyo mvuvi anavua shati kwa joto. Chini kabisa ni nyuzi chache juu ya 0, na uzito wa maji peke yake ni bar 250. Gesi ikitoka ardhini ikiwa moto na kuingia kwenye bomba lililolazwa pale, itapoa hadi ubaridi huo muda mrefu kabla haijaiona Lindi.

Nimewahi kuulizwa na mkuu mmoja kwenye kikao, kwa nia njema kabisa, kwa nini tupoteze fedha kujadili kuganda kwa mabomba kwenye nchi ya joto kama yetu. Sikumlaumu. Niliomba glasi ya maji yenye barafu iliyokuwa mbele yake, nikamwambia: Mheshimiwa, bomba hatulipitishi hapa mezani, tunalipitisha humu ndani. Akaitia kidole, akanyamaza, kikao kikaendelea.

Ila gesi yetu ni kavu, karibu yote ni metheni, haina mafuta ya kutosha kubeba rojo. Kwa hiyo ile njia ninayoipenda haitufai kama ilivyo, na nimekubali hivyo. Mfano wa karibu zaidi na wetu uko Snøhvit, kaskazini kabisa mwa Norway, ambako tangu mwaka 2007 gesi inasafiri kilomita 143 chini ya bahari hadi kiwanda cha kuisindika iwe kimiminika, na glikoli ndiyo inayoilinda njia nzima, inafika pwani, inakaushwa maji, inarudishwa visimani kutumika tena. Mpaka naandika haya kiwanda chetu hakijajengwa. Kitakapojengwa, natamani vijana watakaokiendesha wawe wamelishika rojo kwa mikono yao kabla ya kukabidhiwa vitufe. Kwenye gesi kavu haidreti huota ukutani kama kutu nyeupe, hunenepa, kisha humeguka, na vipande hujikusanya kwenye kona. Mtetemo wa kalamu ni uleule.

Na hata bila kina kirefu, imenikuta huku huku pwani. Gesi inapopita kwenye choki, ile vali inayoipunguzia presha, inapoa karibu nusu nyuzi kwa kila bar 1 inayopotea. Usiku mmoja wa Februari, baada ya kisima kufungwa kwa matengenezo, tulikiwasha na kushusha kutoka bar 130 hadi 70. Hewa ya nje ilikuwa nyuzi 29, mashati yametuganda mgongoni, na bomba baada ya choki lilikuwa limevaa sufi nyeupe ya baridi. Mzee mmoja fundi, mtu wa Kilwa aliyeanza kazi mimi nikiwa shule ya msingi, akaweka mkono sikioni.

"Sauti imebadilika, binti yangu."

Nikatazama geji. Ilikuwa inatetemeka. Tukafunga, lakini choki ilikuwa imeshaziba. Nilipogeuka, mzee ameshabeba ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni, kama alivyozoea kufanya miaka yote kwenye mabomba madogo. Nilimshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, na papo hapo nikaona haya, kwa kuwa ni mtu wa umri wa baba yangu.

"Samahani, mzee wangu. Naomba uitue ndoo."

Akaitua. Nikamweleza kuhusu gesi iliyofungwa katikati, na kuhusu risasi. Kisha nikamweleza kuhusu barafu ya samaki, na hapo akanikatisha, kwa sababu baba yake alikuwa na jahazi. "Hiyo naijua," akasema. "Ukiilazimisha inakata vidole. Unaiacha ijiachie yenyewe."

Tukafungua pande zote mbili, yeye huku, mimi kule, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kila mmoja akitaja kwa sauti namba anayoisoma ili mwenzake asimpite. Sitini na tano. Sitini na tano. Sitini. Sitini. Ilipofika chini tukakaa kwenye matofali tukangoja, akanisimulia jahazi la baba yake lilivyokwama Mafia kwa wiki nzima. Sufi nyeupe ilianza kudondoka kwenye bomba kama maji saa kumi za usiku. Karibu na adhana ya alfajiri tuliisikia choki ikiguna mara moja, kisha gesi iliyobaki ikapita kwa sauti nyembamba, safi. Tukatia methanoli. Mzee akaenda kwenye gurudumu la vali, akashika, akanitazama kwanza.

"Nifungue?"

"Fungua, mzee wangu. Taratibu."